Muuguzi wa cheti, chagua kwa makini daraja la kukuvusha

Na Daktari Wetu, Wajir

KILA vyuo vinapotangaza nafasi za masomo ya uuguzi, wauguzi wa cheti katika kaunti ya Wajir hujikuta kwenye njia panda. Wengi wao wamefanya kazi miaka kumi au kumi na mitano, mara nyingi wakiwa peke yao katika zahanati za Eldas, Tarbaj, Buna na viunga vya Habaswein. Wamezalisha akina mama usiku kwa mwangaza wa tochi. Wamechanja watoto, wametibu malaria na kuhara, na wameshona vidonda vya walioanguka na pikipiki. Lakini cheo ni kile kile, mshahara haupandi kwa kasi ya bei ya unga, na barua ya kupandishwa ngazi haionekani.

Njia iliyobaki ni kurudi darasani na kutafuta diploma. Kuhusu hilo, wengi hawana shaka. Shaka iko katika maswali yanayofuata: Wasome wapi? Kwa njia gani? Kwa muda gani, na kwa fedha za nani?

Hapo ndipo wengine huteleza. Wapo wanaojiandikisha katika chuo kisichotambuliwa, wakamaliza akiba ya familia, kisha wakaambiwa hawawezi kuruhusiwa kuketi mtihani wa kusajiliwa. Wapo wanaoondoka kazini kwa ruhusa ya mdomo tu, wakarudi wakakuta mshahara umesimamishwa. Na wapo wanaoanza masomo ya kompyuta mahali ambapo mtandao huja na kutoweka kama mvua ya huku kwetu.

Makala haya yanamhusu muuguzi huyo. Yanamhusu pia ndugu yake aliye Nairobi, Nakuru au Mombasa, kwa maana ndiye hupigiwa simu karo inapotakikana. Kabla hujatuma mchango, ni vyema ujue unachangia nini.

TOFAUTI NI IPI?

Kazi ya uuguzi nchini Kenya inasimamiwa na Baraza la Wauguzi, lililowekwa na Sheria ya Wauguzi, Sura ya 257 ya Sheria za Kenya. Hakuna anayeruhusiwa kufanya kazi hiyo bila jina lake kuwa katika vitabu vya Baraza na bila leseni halali.

Vitabu hivyo ni vya aina mbili. Kuna orodha ya wauguzi wa cheti, wale ambao hospitalini huitwa kwa kifupi KECHN. Halafu kuna rejista, ambamo huandikwa wauguzi wa diploma, KRCHN, pamoja na wenye digrii. Ndiyo maana muuguzi wa diploma huitwa muuguzi msajiliwa.

Kwa macho ya mgonjwa, wawili hawa hawatofautiani. Wote huvaa sare, wote hudunga sindano, na wote huitwa "daktari" na wazee wa kijijini. Tofauti iko katika urefu na upana wa mafunzo. Muuguzi wa cheti alifunzwa hasa kutoa huduma za kila siku. Wa diploma huongezewa elimu ya kina juu ya magonjwa na dawa, uongozi wa wodi na wa kituo, afya ya akili, utafiti, na namna ya kufundisha wengine.

Tofauti nyingine iko katika mfuko. Katika utaratibu wa utumishi wa umma ambao wauguzi wengi wanaujua, muuguzi wa cheti huanza kazi katika ngazi ya G, wa diploma katika ngazi ya H, na wa digrii katika ngazi ya K. Aidha, ngazi ya cheti ina dari fupi. Muuguzi hufika mahali ambapo hata afanye kazi kwa bidii namna gani, hana pa kupanda tena.

Kwa Kiswahili, neno daraja lina maana mbili: lile la kuvukia mto na lile la cheo. Kozi hii ni daraja kwa maana zote mbili. Na kama ilivyo kwa daraja lolote, kabla ya kulikanyaga unatazama kama limefika ng'ambo ya pili.

KWA NINI MGONJWA AJALI

Huenda msomaji wa mjini akauliza: haya yananihusu nini mimi? Jibu liko katika wodi ya uzazi.

Mwaka wa 2014, shirika la Umoja wa Mataifa la idadi ya watu, UNFPA, lilitoa uchambuzi wa takwimu za sensa ya 2009. Ulionyesha kwamba Wajir ilipoteza akina mama 1,683 kwa kila watoto 100,000 waliozaliwa hai. Kiwango cha nchi nzima katika uchambuzi huo kilikuwa 495. Mandera pekee ndiyo iliyokuwa na hali mbaya zaidi, ikiwa na vifo 3,795. Hizo ni takwimu za miaka hiyo, lakini zinaeleza wazi kwa nini hapa kwetu ujuzi wa muuguzi mmoja ni jambo la uhai.

Chukua mfano wa kuvuja damu baada ya kujifungua. Mama anazaa salama, mtoto analia, ndugu wanaanza kutoa shukrani. Kisha damu haikomi. Hali hiyo huweza kumaliza maisha ndani ya saa mbili. Kutoka Bute hadi hospitali kuu ya Wajir ni safari ndefu kuliko saa hizo mbili, hata dereva wa ambulensi awe hodari namna gani. Kwa hivyo aliyeko pale zahanati ndiye mwenye uhai wa mama mikononi.

Mwaka wa 2023 yalitangazwa matokeo ya utafiti mkubwa ulioitwa E-MOTIVE. Ulifanywa katika hospitali 80 za Kenya, Tanzania, Nigeria na Afrika Kusini, na ulihusu zaidi ya akina mama 200,000. Wahudumu walifunzwa kupima damu inayotoka kwa kutumia mfuko wa plastiki wenye alama, badala ya kukisia kwa macho. Damu ikizidi kiwango, walifanya mambo yote kwa pamoja bila kusubiri: kusugua mfuko wa uzazi, kutoa oksitosini, kutoa asidi ya traneksamiki, kuweka maji ya mshipa, kumkagua mama na kuita msaada. Visa vya kuvuja damu vibaya, pamoja na upasuaji na vifo vilivyotokana na hali hiyo, vilipungua kwa asilimia 60.

Hakuna mashine ya mamilioni katika orodha hiyo. Kuna mikono inayojua la kufanya, kichwa kinachoamua upesi, na dawa zilizo kabatini. Kozi nzuri ya diploma humpa muuguzi mambo mawili ya kwanza. Kozi mbovu humpa karatasi tu.

Ushahidi mwingine umetoka mbali. Mwaka huo huo wa 2014, jarida la kitabibu la Lancet lilichapisha utafiti kutoka nchi tisa za Ulaya. Watafiti waliona kwamba kila idadi ya wauguzi wenye digrii katika hospitali ilipoongezeka kwa asilimia 10, uwezekano wa mgonjwa wa upasuaji kufariki katika siku 30 ulikuwa chini kwa asilimia 7. Lakini pia kila muuguzi alipoongezewa mgonjwa mmoja, hatari ilipanda kwa asilimia 7 vile vile. Kwa maneno mengine, elimu husaidia, na kuwa na wauguzi wa kutosha pia husaidia. Kumpeleka muuguzi chuoni na kuacha zahanati imefungwa ni kutoa kwa mkono mmoja na kupokonya kwa mwingine.

Hoja hiyo ina uzito wa pekee katika Kaskazini Mashariki. Baada ya shambulio la basi huko Mandera, Novemba 2014, na lile la Chuo Kikuu cha Garissa la Aprili 2, 2015, walimu na wahudumu wengi wa afya waliotoka sehemu nyingine za nchi waliondoka. Aliyebaki ni mzaliwa wa hapa, na mara nyingi ni yule muuguzi wa cheti. Kumwendeleza huyo bila kumng'oa ndiyo njia fupi ya kuwa na muuguzi msajiliwa Griftu.

NJIA YA KWANZA: KUKAA CHUONI

Njia ya kale ni kuomba ruhusa ya masomo, kufunga mzigo na kwenda kukaa chuoni. Chuo cha Mafunzo ya Matibabu cha Kenya, KMTC, kina matawi mengi nchini, yakiwemo ya Garissa, Mandera na Wajir. Hata hivyo, si kila tawi hutoa kila kozi kila mwaka. Kuwa na tawi karibu na nyumbani hakuna maana kwamba kozi ya kupanda daraja inafundishwa hapo. Soma tangazo la mwaka huo, kisha upige simu kwa ofisi ya usajili ya tawi lenyewe.

Faida ya njia hii ni kubwa. Mkufunzi yuko mbele yako. Ukikwama katika somo la dawa, unauliza hapo hapo. Maktaba iko, wenzako wako, na wodi ya hospitali kubwa iko jirani. Muuguzi aliyekaa miaka kumi bila kufungua kitabu huhitaji sana usaidizi huo miezi ya kwanza.

Hasara yake ni kwamba unaondoka nyumbani. Kwa mwanamke wa Wajir mwenye watoto wanne, mume aliye safarini na mifugo, na mama mkwe aliyezeeka, miezi kumi na minane si jambo dogo. Nani atakaa na watoto? Nani atalipa kodi ya chumba huko aendako? Haya yaamuliwe kabla ya kuondoka, watu wazima wakiwa wameketi pamoja, wala si kwa simu baada ya muhula kuanza.

Kuna pia suala la ajira. Tangu 2013 huduma za afya ziko chini ya serikali za kaunti, na muuguzi wa umma ameajiriwa na kaunti yake. Ruhusa ya masomo lazima iwe ya maandishi. Barua ieleze kama mshahara utaendelea, kama utakatwa, na kama unapaswa kurudi kufanya kazi miaka fulani baada ya kuhitimu. Mkataba wa kurudi si mbaya, mradi umeusoma kabla ya kutia sahihi.

NJIA YA PILI: KUSOMA UKIWA KAZINI

Njia ya pili ilianza kwa kishindo mwaka wa 2005. Wakati huo wengi wa wauguzi wa Kenya walikuwa wa cheti. Vyuo vilivyokuwepo vingeweza kuwapandisha daraja wauguzi wapatao 100 tu kwa mwaka. Ukipiga hesabu ya wauguzi takriban 20,000 waliohitaji kufunzwa, kazi hiyo ingechukua zaidi ya karne moja.

Ndipo shirika la AMREF, Baraza la Wauguzi, Wizara ya Afya na kampuni ya Accenture wakaungana kuanzisha masomo ya kompyuta. Muuguzi alibaki kazini. Masomo aliyapata katika kompyuta zilizowekwa kwenye vituo na hospitali, mengine yakiwa katika diski ambazo hazikuhitaji mtandao. Kwa vipindi maalumu alikutana na wakufunzi ana kwa ana, na alipelekwa hospitali kubwa kwa mazoezi. Mwisho wa yote aliketi mtihani ule ule wa Baraza waliouketi wenzake wa darasani. Leo masomo ya namna hii hutolewa na vyuo kadhaa, kikiwemo chuo kikuu ambacho AMREF yenyewe ilikianzisha.

Faida yake inaonekana. Zahanati haifungwi, mshahara hausimami, watoto wanalala na mama yao. Isitoshe, jambo ulilolisoma Jumatatu unaweza kulitumia kwa mgonjwa Jumanne.

Lakini njia hii ina masharti yake. Ya kwanza ni nidhamu. Hakuna kengele wala mkufunzi wa kukuamsha. Mtu akitoka zamu ya usiku amechoka, kitabu huwa mto wa kulalia. Asiyeweza kutenga angalau saa moja na nusu kila siku, na siku moja nzima kwa wiki, afikirie tena.

Ya pili ni umeme na mtandao. Uliza chuo kama masomo yanaweza kupakuliwa na kusomwa bila mtandao. Uliza kama mitihani midogo hufanywa kwa saa maalumu, kwa sababu mtandao ukikatika saa hiyo huko Tarbaj, hakuna atakayekuelewa.

Ya tatu ni barabara. Vipindi vya kukutana na wakufunzi na siku za mitihani hazisubiri mvua ipungue. Wakati wa mvua za El Nino mwishoni mwa 2023, barabara ya kutoka Garissa kwenda Nairobi ilikatika karibu na Madogo, na wasafiri walikwama. Mwenye mtihani Nairobi au Thika katika miezi ya mvua asafiri mapema, aweke nauli ya akiba, na awe na mahali pa kulala.

Ya nne, na ndiyo kubwa, ni mazoezi ya wodini. Uuguzi haufunzwi kwa kompyuta peke yake. Hakuna aliyejifunza kutoa kondo la nyuma lililokwama kwa kutazama picha. Chuo kikikuambia unaweza kumaliza kozi nzima nyumbani bila kukanyaga wodi ya hospitali kubwa chini ya msimamizi, kiepuke.

JE, NIRUKE HADI DIGRII?

Swali hili huulizwa na vijana hasa. Wameona wenye digrii wakianza kazi katika ngazi ya K na wanataka kuruka ngazi zote kwa mkupuo mmoja.

Kozi za kujiendeleza hadi digrii kwa kawaida hutengenezwa kwa ajili ya muuguzi ambaye tayari ni msajiliwa, yaani mwenye diploma. Muuguzi wa cheti mwenye alama nzuri za kidato cha nne anaweza kuomba kuanza digrii upya kama mwanafunzi mwingine yeyote, lakini hapo si kuvuka daraja tena bali ni kuanza safari kutoka mwanzo, kwa miaka mingi na karo nzito.

Kwa aliye na miaka 25, asiye na watoto, hilo linaweza kuwa na maana. Kwa aliye na miaka 38 na familia, diploma kwanza, kisha digrii baadaye akipenda, ndiyo ngazi isiyovunja mgongo.

SIMU KUTOKA NG'AMBO

Hapa kwetu hakuna uamuzi wa masomo usiopitia kwa jamaa walio ng'ambo. Muuguzi mmoja kutoka upande wa Wajir Kusini aliniuliza hivi majuzi: "Daktari, shemeji yangu yuko Minneapolis. Anasema nisijisumbue na diploma ya hapa. Kule kuna kozi ya mwaka mmoja hivi ya kumvusha muuguzi mdogo kuwa muuguzi msajiliwa. Nimsikilize?"

Nilimjibu: "Abaayo, shemeji yako hakudanganyi, ila amesahau mlango wa kuingilia."

Ni kweli kwamba Marekani kuna kozi fupi za kumvusha muuguzi wa ngazi ya chini, yule anayeitwa LPN, hadi kuwa muuguzi msajiliwa. Lakini kozi hizo ni za mtu ambaye tayari ana leseni ya LPN ya jimbo la Marekani, aliyoipata kwa mtihani unaoitwa NCLEX-PN. Cheti cha Kenya hakigeuki kuwa leseni hiyo kwa kuvuka bahari. Kinyume chake, aliye msajiliwa hapa anaweza kuomba vyeti vyake vikaguliwe ili aketi NCLEX-RN, mtihani wa wauguzi wasajiliwa wenyewe.

Uingereza nako, ambako Kenya ilitia sahihi makubaliano ya wahudumu wa afya mwaka wa 2021, nafasi zinazotafutwa ni za wauguzi wasajiliwa. Mafunzo ya wauguzi wa cheti yalikomeshwa huko zamani. Hivyo hata kwa anayeota kusafiri, diploma inayotambuliwa hapa nyumbani ndiyo mlango.

Wapo pia wanaovutwa na vyuo vya nchi jirani. Uganda, kwa mfano, ina kozi zake za kumpandisha muuguzi wa cheti hadi diploma, na nyingine ni nzuri. Lakini aliyesoma nje hawezi kurudi na kuanza kazi moja kwa moja. Baraza la Kenya litakagua vyeti vyake kwanza na kumwekea masharti kabla ya kumsajili. Mwenye nia hiyo aliandikie Baraza kabla ya kulipa karo, si baada ya mahafali.

MASWALI SABA KABLA YA KULIPA

Muuguzi anayetaka kuchagua kozi, pamoja na ndugu wanaomchangia, wachukue kalamu na karatasi. Chuo kiwe cha serikali, cha kanisa, cha Kiislamu au cha mfanyabiashara, maswali ni haya:

1. Je, chuo hiki na kozi hii vimeidhinishwa na Baraza la Wauguzi? Usikubali kuonyeshwa barua iliyotundikwa ukutani. Uliza Baraza lenyewe. Chuo kinaweza kuwa na idhini ya kozi moja na kukosa ya nyingine.

2. Je, nitaandikishwa na Baraza kama mwanafunzi, na nitapewa nambari yangu lini? Mwanafunzi asiye na nambari hiyo hatambuliwi na Baraza, hata akihudhuria masomo kila siku.

3. Mazoezi ya wodini yatafanyika hospitali gani, kwa majuma mangapi, na nani atatia sahihi daftari langu la mazoezi? Uliza kama hospitali hiyo ina wodi ya uzazi yenye shughuli, wodi ya watoto na chumba cha upasuaji.

4. Wanafunzi wangapi wa kundi lililopita waliketi mtihani wa Baraza, na wangapi walipita? Chuo kizuri hujibu bila kigugumizi. Ikiwezekana, zungumza na wahitimu wawili bila mkufunzi kuwepo.

5. Gharama yote ni kiasi gani? Karo ni sehemu tu. Ongeza ada ya Baraza, ada ya mtihani, sare, vitabu, bando za simu, nauli, kodi ya nyumba na chakula wakati wa mazoezi.

6. Mwajiri wangu ameandika nini? Ahadi ya mdomo ya afisa haina nguvu akihamishwa.

7. Nikimaliza, cheo kitabadilika vipi? Diploma haimpandishi mtu ngazi yenyewe. Lazima usajiliwe upya na Baraza, kisha uombe bodi ya utumishi wa umma ya kaunti ikubadilishie cheo. Uliza kama kuna nafasi na bajeti. Wapo waliohitimu na wangali wanalipwa kama wa cheti.

Mtu akikuahidi kukupa diploma ya uuguzi kwa miezi sita, au kukutafutia cheti bila masomo, hata kama ni rafiki wa rafiki, huyo anakuuzia kesi. Kozi halali huchukua kati ya mwaka mmoja na nusu na miaka miwili na nusu, kutegemea chuo na njia.

FEDHA ZA MASOMO

Wengi hapa hawapendi mkopo wenye riba kwa sababu za dini, na hilo ni la kuheshimiwa. Kwa hivyo mzigo huangukia ukoo. Ukoo ukichanga, ni vyema mtu mmoja anayeaminika aweke hesabu, na karo ilipwe moja kwa moja katika akaunti ya chuo. Usimlipe ajenti, na usilipe kwa nambari ya simu ya mtu binafsi.

Ni busara pia kutolipa kozi yote kwa mpigo. Lipa muhula kwa muhula. Mwisho wa kila muhula familia ione matokeo. Muuguzi naye asione haya kusema akishindwa na somo, kwani msaada wa mapema ni rahisi kuliko kurudia mwaka.

Mbali na hayo, uliza ofisi ya kaunti na ya eneo bunge kuhusu basari, uliza chama chako cha wauguzi na sacco yako. Mashirika ya afya yanayofanya kazi eneo hili hudhamini masomo mara kwa mara, lakini matangazo yao hukaa siku chache. Weka nakala za vyeti vyako tayari.

NENO KWA WAAJIRI

Mzigo huu usiachiwe muuguzi peke yake. Kaunti inayotaka kupunguza vifo vya akina mama ina sababu ya kupanga masomo haya kama inavyopanga ununuzi wa dawa. Ijue ina wauguzi wangapi wa cheti, nani yuko wapi, na nani aende lini, ili zahanati mbili jirani zisifungwe wakati mmoja. Aliye peke yake kituoni apewe wa kumshikilia zamu wakati wa mazoezi na mitihani. Na akirudi na usajili mpya, mshahara wake ubadilishwe bila kumzungusha kutoka ofisi hii hadi ile, kwa maana muuguzi aliyezungushwa mwaka mzima huishia kufunga safari kwenda kaunti nyingine au ng'ambo, na elimu tuliyomlipia huenda naye.

Kwa muuguzi mwenyewe, ushauri ni mfupi. Kama una watoto wadogo, kazi ya kudumu na mtandao wa kutegemewa, njia ya kusoma ukiwa kazini huenda ikakufaa. Kama umekaa miaka mingi bila kusoma, au kituo chako hakina umeme, na mwajiri amekubali kwa maandishi, nenda ukakae chuoni. Vyovyote iwavyo, anza na Baraza, kisha uliza wodi ya mazoezi, na bei uiulize mwisho. Anayeanza na bei ndiye huishia kulipa mara mbili.

Wenye maswali kuhusu makala haya wanaweza kumwandikia daktari wetu kupitia kwa mhariri wa ukurasa huu.